Pole Iliyokamatwa Mpakani

Nchi ninayoisimulia haipo. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, na ukiiona, basi ramani yako ina makosa. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Haya, naogopa, lakini hiyo siyo sababu pekee. Sababu nyingine ni kwamba naogopa sana.

Mimi ni Chausiku binti Sefu, mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, popote penye masufuria makubwa nipo. Binti yangu Mwanahawa aliolewa mbali, nchi ya tatu kutoka kwetu, na kijana mwashi aitwaye Idrisa, mtu wa kucheka kabla hajamaliza kusema. Idrisa akaangukiwa na ukuta aliokuwa akiujenga, akafa. Tulilia kwenye simu, mwanangu kule na sisi huku, mpaka sauti zikatukauka. Lakini pole ya simu ni ya simu tu. Mfiwa hushikwa mkono, hukaliwa karibu, huliwa naye chakula asichokitaka mpaka akakitaka. Mwanangu amekaa eda katika mji wa watu, na katika sisi jamaa zake hakuna hata mmoja aliyemwambia pole uso kwa uso. Tukaazimia kufika kabla ya arobaini.

Katika ukoo wetu pole ya msiba hupelekwa na mkubwa kwa niaba ya wote. Mkubwa wetu ni Mjomba Hemedi, ndugu wa marehemu mama yangu, fundi saa aliyeacha kazi macho yalipochoka. Watu walikuja nyumbani mmoja mmoja wakamkabidhi. "Mfikishie mtoto pole yangu, Mzee Hemedi." Naye akiipokea kwa kutikisa kichwa polepole, utadhani anapakizwa magunia. Shangazi yake Mwanahawa aliye kitandani, ambaye haongei tena, alimshika tu mkono akaubana, na Mjomba akasema hiyo nayo ameipokea.

Na hakuna mtu aliyeifaa kazi hiyo kumshinda. Mjomba Hemedi pole haimkauki mdomoni. Ukipiga chafya, pole. Ukirudi sokoni, pole na jua. Ukirudi bila kitu, pole na kuhangaika. Nimewahi kumsikia akiupa pole mlango uliobamizwa na upepo.

*

Nchi ya kwanza tuliyoipita ilitutisha kidogo tu. Basi liliposhika lami ya kwao, Mjomba alifungua chapati na kuku niliowapika kwa safari nzima, akamgeukia abiria wa jirani, bwana mmoja mnene mwenye tai, akamwambia, "Karibu."

Kwetu mtu akiambiwa hivyo hujibu "Ahsante, starehe," roho ya mkaribishaji ikatulia na chakula kikabaki. Yule bwana hakujibu starehe. Alinawa mikono kwa maji yetu ya kunywa, akavuta kikapu mapajani pake, akala. Alikula kwa utulivu wa mtu aliye kwake. Alipofika chini ya kikapu alipaliwa na kipande cha mwisho cha chapati, na Mjomba, ambaye alikuwa hajatia kitu kinywani, akampigapiga mgongoni. "Pole, bwana. Pole sana."

Tuliposhuka kupumzika, yule yule bwana alinunua samaki mzima akamla mbele yetu mpaka macho ya samaki, bila kusema karibu hata kwa kukosea. Mjomba aliumia moyo. "Tumemkosea nini, Chausiku?"

"Hatukumkosea, Mjomba. Huku karibu ni karibu. Ukiisema, umeitoa."

Akachungulia kikapu kitupu. "Basi hawa watu wanaishi kwa hatari," akasema.

Hatari tulikuwa hatujaiona.

*

Dereva wetu aliitwa Mbwilo, mtu mkavu asiyepoteza maneno. Tulipokaribia mpaka wa nchi ile isiyokuwepo, alisimamisha basi kando ya barabara, akasimama akatukabili.

"Ndugu abiria, mbele ni nchi ya heri. Tukiingia, macho mbele, meno nje. Mtu asiulize, asigune, asisikitike. Mwenye kuumwa na tumbo aumwe kimoyomoyo. Tukitoka upande wa pili, kila mtu atarudishiwa uso wake."

Watu walicheka. Mbwilo hakucheka.

"Mwanangu," akauliza Mjomba, "na mtu akipatwa na jambo?"

"Huku watu hawapatwi, mzee."

Nilimtazama Mbwilo akirudi kwenye usukani, nikaona anajitazama kwenye kioo, anayajaribu meno yake. Mtu aliyeendesha basi njia ile miaka na miaka, na bado anafanya mazoezi. Hapo ndipo hofu iliponishika, na haijaniachia mpaka leo.

Juu ya jengo la mpakani palitundikwa kitambaa kirefu: KARIBUNI. HAPA BAYA LILISHAKWISHA. Chini yake palikuwa na mlango, na mlangoni kizingiti cha saruji kilichopasuka kikainuka upande mmoja. Kila aliyeingia alijikwaa. Alipepesuka, akaenda chini, akainuka akitabasamu. Mama mjamzito, aliyemshika mkono mtoto wake mdogo, alijikwaa akatabasamu. Yule bwana wa chapati zetu alianguka kifudifudi, akainuka na mdomo wenye damu, akatabasamu, na sijawahi kuona jambo baya kama meno yale. Baadaye niliambiwa kwamba kizingiti kilipasuka zamani sana, lakini hakuna aliyeweza kuomba kitengenezwe. Kuomba kitengenezwe ni kusema ni kibovu, na kitu kibovu hakikuwepo nchini.

Ndani, ofisa mmoja kijana alikuwa akitoka stoo na jiwe la mizani la kupimia mizigo, kubwa, la chuma. Jina lake liliandikwa kifuani: Afande Shwari. Akafika kwenye kizingiti kingine, ndugu wa kile cha nje, akajikwaa. Jiwe likamponyoka likatua juu ya mguu wake. Nilisikia mfupa. Afande Shwari akatabasamu. Machozi yalimtoka yakashuka mpaka kidevuni, na meno yake yakabaki nje, meupe, yamepangika.

Na Mjomba Hemedi, aliyeonywa, aliyesikia, aliyeuliza hata swali, akasema kwa sauti ya mtu mzima aliye mbele ya maumivu ya kijana, "Lo. Pole, baba. Pole sana."

Ukumbi ukanyamaza. Hata feni ya darini iliacha kuzunguka, ingawa hilo nadhani lilikuwa umeme, maana wafanyakazi walipiga makofi na mmoja akatangaza kwamba umeme umekwenda kupumzika.

"Pole ya nini?" akauliza Afande Shwari.

"Ya mguu, baba. Jiwe limekuangukia."

"Jiwe gani?"

"Hilo hapo juu ya mguu wako."

"Hilo limetua, mzee."

"Limetua, naam. Ila limekutua vibaya."

Neno hilo la mwisho ndilo lililopulizisha filimbi. Walitoka askari kila mlango, wote wakijikwaa, wote wakitabasamu, wakamkamata Mjomba kwa upole wa ajabu, kama wanavyomshika bwana harusi. Ofisa wa zamu akamsomea makosa papo hapo. Kosa la kwanza, kudai kuwepo kwa baya. La pili, kulithibitisha kwa kuonyesha kidole. La tatu, na hapa ofisa alimeza mate, kulihurumia.

"Ana nini mkononi?" akauliza mwingine.

"Ubani," nikasema mimi, kwa ujinga. "Tunakwenda msibani. Tunampelekea binti yangu pole za ukoo."

Walirudi nyuma hatua. "Pole za ukoo?" ofisa wa zamu akanong'ona. "Zote anazo yeye?"

*

Nilikaa nje kwenye benchi la mama muuza chai. Mbwilo alikuwa ameniambia basi halingoji zaidi ya jua kuegemea upande wa pili, kwa sababu basi lililokwama ni baya, na baya halipo. Wenzangu abiria walikuwa wamekaa vitini mwao, macho mbele, meno nje. Hakuna aliyeniangalia.

Mama muuza chai alinipa kikombe. Chai haikuwa na sukari.

"Sukari ipo," akasema akitabasamu. "Iko mahali pazuri sana."

Nikamuuliza kwa sauti ya chini watamfanya nini mjomba wangu. Akafuta kikombe kilichokwisha kufutwa. Akanieleza, tabasamu halimtoki, kwamba Mheshimiwa Baba wa Heri alitangaza redioni kuwa kuanzia siku ile baya limekwisha, na tangu hapo halikuonekana tena. Hospitali sasa zinaitwa Nyumba za Kupumzikia Wenye Afya. Soko lililoungua linaitwa Uwanja wa Kuota Jua. Hakuna anayekufa. Watu hupata uhamisho, wakahamia Makazi Mapya kule nyuma ya kilima, na majina yao yanaendelea kupiga kura, kwani mtu kuhamishwa hakumnyimi haki yake.

"Mume wangu alihamishwa mwaka ule wa mafuriko," akasema. Kikombe kikamponyoka. "Mwaka ule wa neema ya maji," akasahihisha haraka, akatazama nyuma.

Nyuma ya jengo kulikuwa na nyumba ndefu isiyo na madirisha. Kutoka humo nilisikia watu wakicheka. Nilifarijika kidogo, nikasema moyoni kumbe hata huku watu hucheka. Kisha kicheko kikakatika. Kwetu kicheko hufa kidogo kidogo, huyu akimaliza yule akianza upya. Kile kilikatika mara moja, wote pamoja, pakawa kimya, kikaanza tena wote pamoja.

"Ndiko wanakofundishwa," akasema mama muuza chai. "Kuna mgeni alimpa mtu pole wakati wa mavuno. Bado hajahitimu."

Nikataka kulia. Nikatoa meno.

*

Kesi ilisikilizwa na Kamati ya Kuthibitisha Heri. Mahakama walikuwa hawana tena, kwa vile wahalifu walikwisha pamoja na baya. Mashahidi nao hawakuwepo. Kulikuwa na washangiliaji. Nikaingizwa kama mshangiliaji wa upande wa mtuhumiwa, nikapewa kibendera.

Mwenyekiti, Mheshimiwa Nderemo, aliinuka taratibu, maana nishani zilimvuta mbele.

"Ndugu wajumbe, ndugu washangiliaji, na wewe ndugu mzee uliyepotoka, kwa heshima zote. Taifa letu ni taifa lililotoka mbali, likafika, likapitiliza. Majirani zetu bado wanahangaika na ukame, na magonjwa, na vifo. Tunawaonea furaha. Sisi tuliamua. Tulikaa kikao, tukaamua. Leo anakuja mgeni, tumbo limejaa maji yetu, anatazama mguu wa ofisa wetu, mguu wa serikali, anauambia pole. Najiuliza, tukinyamaza leo, kesho ataiambia nini barabara? Ataiambia nini bajeti?"

Tukashangilia. Mjomba alikuwa amesimama katikati na koti lake la safari, mdogo kuliko nilivyomjua.

"Aliyepewa pole asimame."

Afande Shwari alikuwa amesimama tangu mwanzo kwenye kona, kwa sababu asingeweza kukaa akainuka tena. Mguu ulikuwa umevimba mpaka kamba za kiatu zimekatika.

"Ulipatwa na jambo?"

"Sikupatwa, Mheshimiwa."

"Mguu wako ukoje?"

"Unanawiri, Mheshimiwa."

Mwenyekiti akaandama hoja yake. Kama ofisa hakupatwa na jambo, basi ile pole haikuwa na pa kutua. Iko hewani, inaranda. Pole isiyo na mwenyewe ni hatari kwa usalama wa nchi, kwani inaweza kumwangukia raia yeyote. Mjumbe mmoja mzee akatazama dari kwa hofu, akasogeza kiti. Kamati ikaamua kwamba pole irudishwe kwa aliyeitoa, na ikisharudi, mtuhumiwa apewe somo fupi ili asiimwage tena njiani, kisha aendelee na safari.

Hapo mjumbe wa pembeni akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, itarudishwaje? Ofisa akisema 'chukua pole yako', atakuwa ameitamka."

Walibishana mpaka jasho likawatoka. Mmoja alishauri irudishwe kwa ishara. Mwingine akasema ishara ni mbaya zaidi, inaonekana kwa mbali. Mwishowe wakaafikiana kwamba Afande Shwari na Mjomba watoke korido, bendi ya idara ipige ngoma ili neno lisisikike, na mshangiliaji mmoja awepo kwa mujibu wa kanuni. Mshangiliaji huyo nikawa mimi.

*

Korido ilikuwa nyembamba. Bendi ilipiga ndani, kuta zikatetemeka. Afande Shwari aliegemea ukuta, akamtazama Mjomba kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Nisemeje, mzee? Mimi nilizaliwa baada ya tangazo. Sijawahi kuisema."

"Si kazi, baba," akasema Mjomba. "Unasema pole, halafu unataja lililompata mtu."

"Nyinyi limewapata nini?"

"Tumefiwa. Mkwe wetu, kijana mwashi. Mtoto wetu yuko peke yake ugenini."

Afande alisogea. Midomo yake ilijaribu mara kadhaa, meno yakaizuia, ikabidi ayafunike kwa mkono. "Pole, mzee," akasema nyuma ya kiganja. "Pole na msiba. Pole, mama."

Tangu Idrisa afe nilipewa pole na watu wengi, wengine wakilia kwa sauti. Hakuna iliyoniingia kama ile.

"Tushapoa, baba," akajibu Mjomba, kama inavyojibiwa. Kisha, kwa kuwa Mjomba ni Mjomba, akauliza, "Na wewe, mwanangu?"

Uso wa Afande ukawa uso wa mtu. "Mimi mke wangu alihamishwa," akasema. "Wakati wa kujifungua. Yeye na mtoto. Watu walikuja nyumbani kunipongeza. Walileta keki."

Mjomba akafumbua mdomo. Neno nililiona limefika ulimini. Na wakati huo huo nikasikia ngoma ya ndani imepungua, mtu anabadilisha mkono. Nikamkanyaga Mjomba mguu kwa nguvu zangu zote. Akafunga mdomo. Afande Shwari alibaki amesimama mbele yetu akingoja, mikono imeinuka kidogo, kama mtu anayengoja kupewa kitu. Akangoja. Bendi ikanyamaza.

Mlango ukafunguliwa. Mheshimiwa Nderemo alitokeza kichwa. "Tayari?"

"Tayari, Mheshimiwa," akasema Afande, akaanza kuondoka, mguu ukamkataa.

"Unachechemea?"

"Nacheza, Mheshimiwa."

Na akacheza. Aliruka kwa mguu ule uliovunjika, akageuka, akapiga makofi, akaruka tena, korido nzima mpaka mwisho wake, huku bendi ikianza upya kumfuata. Mwenyekiti alimshangilia. Nami nilikuwa na kibendera mkononi, nikakipunga.

*

Somo fupi lilikuwa fupi kweli. Walimwingiza Mjomba kwenye nyumba ile ndefu, nikasikia kicheko kikianza na kukatika, kikianza na kukatika, na safari ya mwisho nikatambua sauti yake ndani ya zile nyingine. Sikujua kwamba naweza kuitambua sauti ya Mjomba wangu nikatamani isiwe yake.

Alitoka mwenyewe, koti limefungwa vifungo vyote, anatabasamu. Mbwilo alikuwa ameshawasha injini.

"Wamekufanya nini, Mjomba?"

"Raha tupu," akasema.

"Wamekupiga?"

"Raha tupu, Chausiku."

Tuliivuka nchi ile mchana kutwa. Tuliuona Uwanja wa Kuota Jua, majivu mpaka upeo wa macho, na akina mama wamekaa juu ya majivu wameelekeza nyuso juani. Tukapishana na watu wamebeba jeneza wakiimba nyimbo za kuaga msafiri, na nyuma yao mwanamke aliyeshikwa kwapa huku na huku, mdomo umevutwa pembe mbili mpaka masikioni. Ndani ya basi mtoto wa yule mama mjamzito alianguka kwenye ujia akagonga kichwa. Nilimtazama Mjomba. Nilisema moyoni, sasa. Sasa atasema. Mjomba aligeuza uso dirishani. Baadaye akasinzia, na usingizini meno yake yalikuwa bado nje.

Nilijifariji kwa ahadi ya Mbwilo, kwamba tukitoka upande wa pili kila mtu atarudishiwa uso wake.

Kwenye mpaka wa pili alikaa ofisa mwanamke, mnene, mchangamfu, wa umri wangu. Angekuwa kwetu tungekuwa mashoga. Alimtazama Mjomba akafurahi. "Mzee amependeza kwelikweli." Kisha akanigeukia. "Na nyie mnakwenda wapi, shoga?"

Nilikuwa na jibu moja tu la kweli. Nililiona, lile jibu, na nyuma yake nikaiona nyumba ndefu isiyo na madirisha.

"Harusini," nikasema. "Kwa binti yangu."

"Alaa. Bwana harusi nani?"

"Idrisa."

"Mzuri?"

"Mzuri. Anacheka kabla hajamaliza kusema."

"Basi tupigie vigelegele, mama mzaa chema, nasi tufaidi."

Ofisi nzima ilitulia kunisikiliza. Nami nimepika harusi nyingi, vigelegele ni kazi yangu. Nikaweka kiganja mdomoni nikampigia vigelegele mkwe wangu aliyelala chini ya udongo. Nilivipiga vizuri. Wakaniomba nirudie, nikarudia. Wakatufungulia kizuizi.

Abiria walipoingia nchi ya tatu walivua tabasamu, wengine wakalia, mama mjamzito akamkumbatia mtoto wake akamwimbia pole, pole, pole. Mjomba hakuvua. Nilimwambia, "Tumeshatoka, Mjomba." Akanipapasa mkono, kwa upendo wa siku zote, akatabasamu.

*

Tulifika asubuhi ya arobaini. Majirani wa Mwanahawa walikuwa wema, hawakuwa na makuu. Walitupokea mizigo, wakatunawisha, wakatupisha njia. Sauti za kisomo zilisikika barazani. Mwanangu alikuwa ndani, juu ya mkeka, amejifunga kanga nyeupe, amekonda mpaka nikamtambua kwa umbo la masikio yake. Aliponiona alinitazama tu. Macho yake yalinipita yakaenda kwa Mjomba, maana anaijua desturi. Anajua mkubwa ndiye aliyebeba.

Mjomba alikaa mbele yake. Akamshika mikono yote miwili. Mwanahawa akainamisha kichwa kungoja, mabega yakaanza kumtikisika kabla ya neno, kama mabega ya mfiwa yanavyofanya yakijua kwamba sasa yanaruhusiwa.

"Hongera, mwanangu," akasema Mjomba Hemedi. "Mumeo amepata uhamisho mzuri."

Machozi yalimtoka Mjomba yakashuka mpaka kidevuni, na meno yake yakabaki nje, meupe, yamepangika. Alijaribu tena. Nilimwona akijaribu, shingo imevimba kwa pole zote zile alizokabidhiwa, ya shangazi wa kitandani nayo imo, haikutoka hata moja.

Mwanahawa aliinua kichwa. Hakuelewa. Akanitafuta mimi.

"Mama?"

Nikafumbua mdomo. Kitu cha kwanza kilichopanda kooni kilikuwa kigelegele. Nikakimeza. Nikainuka, nikaenda mlangoni, nikachungulia uani. Palikuwa na kuku anaparua na sufuria za arobaini zinachemka. Nikafunga mlango, nikatia komeo. Nikarudi, nikapiga magoti karibu na mwanangu, nikaweka mdomo kwenye sikio lake.

"Pole," nikasema. "Pole, mwanangu."

Alinishika shingo akalia kilio alichokuwa amekiweka tangu siku ile ya simu. Nilimshika. Kila sauti yake ilipopanda nilijikuta nambana uso kifuani pangu, ili isitoke nje.

Alipotulia alinitazama, macho mekundu. "Mama, mbona unanong'ona? Huku hakuna anayetukataza."

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Funga na dirisha."